Spika Imenyamaza Darasani: Namna ya Kupata Msaada wa Fundi Ukiwa Lamu

Mombasa, amplifaya ikifa asubuhi, mwalimu huibeba kwa tuktuk hadi kwa fundi na jioni ana jibu. Kwetu Lamu kifaa hichohicho hupakiwa kwenye mkokoteni hadi gatini, kikavuka kwa boti mpaka Mokowe, kikaingia buti ya basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi, na mara nyingi kikaendelea kilomita nyingine 120 hivi mpaka Mombasa. Ukituma amplifaya kumbe kilichokatika ni waya wa maiki, fundi ataiwasha, ataisikia ikiimba vizuri, atakurudishia pamoja na bili ya uchunguzi, na darasa lako litabaki kimya vilevile.

Ndiyo maana huku kwetu taarifa husafiri kwanza, mzigo hufuata. Mwongozo huu ni wa walimu, maustadhi wa madrasa, na wale wanaosimamia vyombo vya sauti kwenye kumbi za mikutano za hoteli, Lamu hata Malindi. Hauhitaji ujuzi wa elektroniki. Unahitaji subira ya nusu saa na simu yenye kamera.

Hatua ya 1: Zima, chomoa, nusa

Zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, kisha nusa matundu ya hewa ya amplifaya. Ukikuta harufu ya kuungua, alama ya moshi au maji yaliyoingia ndani, usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Nenda moja kwa moja hatua ya 5. Na usifungue kifuniko. Ndani mna kapasita zinazoweka umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na za amplifaya kubwa zinaweza kumrusha mtu mzima.

Kama hakuna harufu, chunguza stima yenyewe. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile na ekstensheni ileile. Stima ikiwepo, angalia fyuzi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi yake ndani, na amplifaya nyingi zina nyingine nyuma, karibu na pale waya wa stima unapoingilia. Iliyokatika ibadilishe kwa yenye ampea zilezile zilizoandikwa. Usiweke kubwa zaidi, na usizungushie karatasi ya fedha ya sigara, kwani fyuzi ipo ili ikatike yenyewe kabla jengo halijashika moto. Ukiweka mpya nayo ikakatika papo hapo, usiweke ya tatu. Liandike jambo hilo vilivyo, maana fundi akilisikia anajua tatizo liko ndani ya mashine.

Hatua ya 2: Ifuate sauti njia yake

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo ningependa usome taratibu.

Sauti ina njia moja: inatoka kwenye maiki au laptopu, inapita kwenye waya, inaingia miksa (kifaa chenye vitufe vya kuchanganya sauti), inaenda amplifaya, inapita tena kwenye waya, inafika spika. Mahali fulani katika njia hiyo imekatika. Kazi yako ni kupata mahali hapo kwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha maiki na waya kwa pamoja na sauti ikarudi, hujajua kibovu ni kipi, na wiki ijayo mtu atakirudisha kile kibovu darasani.

Anza na taa. Miksa na amplifaya nyingi zina vijitaa vinavyochezacheza sauti inapoingia. Ongea kwenye maiki huku ukivitazama. Vikicheza na spika iko kimya, maiki na waya wake ni wazima, na tatizo liko mbele: waya wa miksa kwenda amplifaya, amplifaya, waya wa spika au spika yenyewe. Vikitulia kana kwamba hakuna anayesema, tatizo liko nyuma: maiki, waya wake au tundu lake kwenye miksa. Kwa jaribio hilo moja umepunguza njia kwa nusu.

Tatizo likiwa nyuma, kwanza hakikisha swichi iliyo kwenye shingo ya maiki imewashwa na kitufe cha kunyamazisha kwenye miksa hakijabonyezwa. Kisha badilisha waya. Katika vifaa vya shule, waya wa maiki ndio unaoharibika kuliko kitu chochote kingine, kwa sababu unakanyagwa, unavutwa, unakunjwa kwenye kiwiko, na unakatikia palepale unapoingia kwenye jeki (kichwa cha kuchomekea). Tikisa jeki ukiongea. Sauti ikija na kupotea, umempata mwizi, na huyu hahitaji safari ya Mombasa. Fundi yeyote wa redio pale mtaa wa Langoni mwenye kifaa cha kulehemu atamaliza kazi hiyo. Waya mpya ukileta kimya kilekile, hamisha maiki kwenye tundu jingine la miksa. Ikisikika huko, tundu la kwanza ndilo bovu, na unaweza kufundisha kwa hilo la pili huku ukipanga matengenezo.

Maiki za aina ya kondensa, zile nyembamba za mezani au za kwaya, haziwezi kufanya kazi bila umeme wa volti 48 unaotoka kwenye miksa kupitia waya uleule. Tafuta kitufe kilichoandikwa 48V. Kikiwa kimezimwa, maiki nzima kabisa itaonekana imekufa. Maiki ya kawaida ya mkononi haihitaji umeme huo.

Maiki zisizo na waya kwanza zitazame beteri. Weka mpya zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Sauti ikikatikatika na beteri ni mpya, uliza kama darasa la jirani linatumia maiki ya aina ileile, kwa kuwa maiki mbili kwenye masafa mamoja hugombana. Zile za UHF (aina ya masafa ya redio) zinashiriki eneo moja na matangazo ya televisheni ya dijitali, kwa hiyo zikikoroma badilisha chaneli kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Tatizo likiwa mbele, zima amplifaya kabla ya kugusa waya wowote wa spika. Nyaya mbili za spika zikigusana huku amplifaya inaimba, unaweza kuua mashine iliyokuwa nzima. Ikishazimwa, badilishana: spika ya kulia ichomeke upande wa kushoto. Ukimya ukihama pamoja na spika, kibovu ni spika au waya wake. Ukimya ukibaki upande uleule, ni amplifaya au waya unaoiletea sauti kutoka miksa.

Kuna jaribio moja zaidi la spika isiyo na amplifaya ndani yake. Ichomoe kabisa, chukua beteri ndogo ya volti 1.5 ya saa ya ukutani, na gusisha ncha mbili za waya kwenye beteri kwa sekunde moja tu. Spika nzima itatoa mlio mdogo wa "tk". Isipotoa chochote, jaribu palepale kwenye viunganishi vya spika, bila waya mrefu. Ikitoa mlio hapo, waya umekatika ukutani au darini, na kwenye nyumba zetu za mawe ya matumbawe panya na chumvi wote wawili wanaweza kuwa wamefanya kazi hiyo.

Spika za honi, zile za viwanja vya shule na minara ya misikiti, zina jambo lake. Nyingi huendeshwa kwa laini ya volti 100 na zina transfoma ndogo ndani. Nyuma ya amplifaya utaona viunganishi vilivyoandikwa COM (cha pamoja), 4 na 8 (omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme), 70V na 100V. Honi ya laini hukaa kwenye COM na 100V, na spika ya kawaida ya omu 8 hukaa kwenye COM na 8. Ukiweka spika ya kawaida kwenye 100V utaiunguza. Na spika za omu 8 zikiunganishwa sambamba hupunguza mzigo wa omu: mbili huwa omu 4, nne huwa omu 2. Amplifaya iliyoandikwa kikomo cha omu 4 ikipewa 2 itachemka, itawasha taa nyekundu ya kujilinda na kunyamaza, kisha itarudi ikipoa. Hiyo imejilinda kama ilivyoundwa, na dawa yake ni kuondoa spika zilizozidi.

Hatua ya 3: Laptopu ina maovu yake

Ukichomeka projekta kwa kebo ya HDMI, laptopu mara nyingi hupeleka sauti kwenye projekta bila kukuuliza. Spika kubwa zinanyamaza, na watu wanaanza kufungua amplifaya. Bonyeza alama ya spika pembeni mwa skrini na uchague sauti itokee wapi. Angalia pia kama laptopu haijaungana na headiseti ya Bluetooth ya mtu ofisini, na kwenye mkutano wa video chagua maiki na spika ndani ya programu yenyewe, kwani ina mipangilio yake mbali na ile ya kompyuta.

Kuna dalili nyingine inayowashangaza wengi: muziki unasikika, lakini sauti ya anayeongea au kuimba imetoweka, au inasikika kama iko chini ya maji. Sababu yake mara nyingi ni jeki ya laptopu haijaingia mpaka mwisho, au imetumika kebo ya jeki ndogo iliyounganishwa kwenye tundu la maiki la pini tatu. Sauti ya kushoto na ya kulia zinafutana, na mzungumzaji ambaye yuko katikati ndiye anayepotea. Nunua kebo inayotoa vichwa viwili, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, uchomeke kwenye matundu mawili ya miksa.

Hatua ya 4: Tenga hitilafu na tabia

Mluzi mkali maiki inaposogezwa karibu na spika hauhitaji fundi. Weka spika mbele ya msemaji zikiwatazama wanafunzi, sogeza maiki mdomoni, punguza sauti. Madarasa yenye kuta tupu na paa la mabati hurudisha sauti vibaya, na mikeka sakafuni pamoja na mapazia mazito husaidia kuliko spika ya pili.

Mvumo mzito usiokoma, hata maiki zote zikifungwa, mara nyingi ni umeme wa hezi 50 unaopenya. Chomoa chaja ya laptopu uiache itumie beteri. Mvumo ukikoma, chomeka laptopu, miksa na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Usikate wala kung'oa pini ya ethi ili kuuondoa, kama wanavyofanya baadhi ya watu. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mwalimu aliyeshika maiki ya chuma mkononi.

Mkwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti ni uchafu na chumvi. Mlio wa kupasukapasuka sauti ikiwa juu, huku taa nyekundu inawaka, ni kulazimisha mashine. Lakini mpasuko kwa sauti ndogo ni koili ya spika iliyoungua au karatasi yake iliyochanika.

Hatua ya 5: Andika ujumbe ambao fundi ataujibu

Mafundi wanapokea jumbe nyingi za "spika yangu haifanyi kazi". Hizo hazina jibu. Piga picha ya kibandiko cha nyuma chenye modeli na namba ya siriali, picha ya nyaya zilivyochomekwa, na video fupi ambamo hitilafu inasikika. Kisha andika namna hii:

"Asalaam aleikum fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu kisiwani. Tuna amplifaya ya wati 250 yenye spika mbili za omu 8, picha nimekutumia. Tangu jana baada ya stima kupotea na kurudi, upande wa kushoto uko kimya. Kijitaa kinacheza nikiongea. Nimebadilishana spika, kimya kimebaki upande wa kushoto, spika zote mbili zinaimba upande wa kulia. Fyuzi ni nzima, hakuna harufu. Haijafunguliwa. Tafadhali niambie: je, inafaa kuileta, uchunguzi ni kiasi gani, na spea zake zinapatikana? Tuna mitihani ya kusikiliza wiki ijayo, kwa hiyo nikituma nitahitaji kujua siku ya kurudi."

Ona alichopewa fundi: lini ilianza, nini kilitangulia, umeshajaribu nini, umepata nini. Anaweza kukuambia palepale kwamba ni transista za kutolea sauti za upande mmoja, na akatafuta spea kabla mzigo haujafika. Akitaka kupiga simu ya video, kaa karibu na kifaa, na awepo mtu wa pili wa kushika simu. Ikiwa shida iko ndani ya laptopu na mtu anataka kuingia kwa mbali, mruhusu tu unayemfahamu, funga kwanza barua pepe na benki, na utazame skrini mpaka amalize.

Hatua ya 6: Nani wa kumwendea

Kama kifaa kiko ndani ya muda wa waranti, aliyekuuzia ndiye wa kwanza, hata kama fundi wa mtaani ni hodari zaidi. Kibandiko cha sili kikishachanika, muuzaji ana sababu ya kukukatalia. Tafuta risiti, na kama imepotea, ujumbe wa M-Pesa wa siku ile unaonyesha tarehe, kiasi na aliyelipwa. Mwandikie, usipige simu tu, maana maneno ya simu hayana ushahidi.

Muuzaji akikuzungusha, mkumbushe kwa adabu kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, pamoja na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake, na kwamba kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Malalamiko ya wanunuzi hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Peleka nakala za risiti na za jumbe zenu, ubaki na asili.

Waranti ikiwa imekwisha, waya, jeki, swichi na koili ni kazi za hapahapa. Bodi za elektroniki, miksa za dijitali na spika zenye amplifaya ndani nazipeleka Malindi au Mombasa, kwa aliyeonyesha kwamba anajua modeli hiyo. Shule ya umma iiarifu ofisi ya mwalimu mkuu kabla ya kukubali bei yoyote, kwa kuwa malipo yana utaratibu wake kupitia bodi ya usimamizi. Na kama unaweza, usingoje Mfungo Sita (Rabiul Awwal): wageni wanapoingia kwa Maulidi ya Riyadha, kila fundi wa sauti ana kazi.

Akija yeye badala ya mzigo kwenda, kubalianeni mapema nani analipa nauli na boti, na kama ada ya uchunguzi inakatwa kwenye bei ya kazi. Kwa walio Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ulizeni saa ya maji kujaa siku hiyo, kwani boti zinazopita mlango mwembamba wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hungoja maji, na fundi aliyekwama ugenini atakudai siku ya pili.

Hatua ya 7: Kusafirisha bila kuharibu zaidi

Toa beteri zote kwenye maiki. Funga vitufe kwa kadibodi ili visivunjike. Tia amplifaya kwenye mfuko wa plastiki mzito, funga mdomo, kisha iweke kwenye boksi lenye nguo kuukuu pande zote, chini kabisa na juu. Kwenye boti iweke katikati, juu ya ubao, mbali na ngama ambako maji hukusanyika. Tuma kilichoharibika peke yake. Nyaya nzima, rimoti na spika zibaki. Ndani ya boksi weka karatasi yenye ujumbe ule wa hatua ya 5, jina la shule, na orodha ya vilivyomo. Piga picha boksi likiwa wazi kisha likiwa limefungwa, na uchukue risiti ya mzigo ofisini kwa basi.

Hatua ya 8: Kabla hujalipa

Mwambie fundi akutumie video ikiimba kwa dakika kumi bila kuzimwa. Hitilafu za joto hazionekani katika dakika ya kwanza. Omba spea alizotoa zirudi na mzigo, na risiti iandike kilichobadilishwa na muda wa dhamana ya kazi yake. Kwangu mimi, matengenezo yakikaribia nusu ya bei ya kifaa kipya cha ubora uleule, hukaa na wenzangu tukafikiri upya. Spika nzuri kuukuu huvumilia hewa ya bahari kuliko nyingi mpya za bei rahisi, na hiyo nayo itiwe kwenye hesabu.

Hatua ya 9: Chumvi na stima

Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula shaba. Pini za jeki zikipata ukijani, zifute kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, kifaa kikiwa kimezimwa na kuchomolewa. Vitufe vinavyokwaruza vipulizie dawa ya kusafishia elektroniki, kisha vizungushe mara nyingi. Mafuta ya kulainisha bawaba za mlango yasitumike humo. Maiki ziweke kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Ukiwasha, anza na miksa na umalize na amplifaya. Ukizima, amplifaya itangulie. Stima ikipotea, chomoa plagi zote hadi itakaporudi na kutulia, kwa sababu vyombo vingi hufa umeme unaporudi kwa kishindo. Kirekebisha umeme kizuri ni bei ndogo ukilinganisha na amplifaya.

Weka daftari moja la vifaa: modeli, siriali, tarehe ya kununua, muuzaji, kila tatizo na aliyetengeneza. Pembeni yake weka akiba ya waya mmoja wa maiki, fyuzi za kila kiasi mnachotumia, beteri mpya na kebo moja ya laptopu. Mtoto anayekaa nyuma, na yule ambaye masikio yake hayasikii vizuri, wanategemea vitu hivyo vidogo ili wasikose somo siku ambayo amplifaya iko njiani kwenda Mombasa. Siku hizo, kwa darasa la wanafunzi arobaini, spika ndogo ya kuchaji yenye tundu la maiki inatosha. Iazime kwa madrasa au shule ya jirani, muandikishane, na uirudishe ikiwa imejaa chaji.